Bapa Lisilolia

Baba,

Barua zote ulizokuwa ukiniandikisha zilianza kwa kuuliza hali. "Mimi mzima, wasiwasi ni kwako uliye mbali." Hali yako naijua: umelala nyuma ya kanisa, chini ya msalaba wa mninga nilioupiga randa mwenyewe, na mvua hizi za kwanza zimeshakuoteshea majani. Hali yangu si njema. Nimekukasirikia, Baba. Nimeona nikwambie kwa maandishi, maana kwa mdomo nilikwambia mengi, na sasa najua kwamba mengi hayakukufikia.

Nimekaa mlangoni mwa banda lako la kazi, pale pale ulipokuwa ukikaa ili mwanga wa asubuhi ukupitie begani. Miezi miwili sasa. Mama alikuwa haingii humu. Akinitaka alikohoa nje. Nyuki walijaribu kuhamia kwenye kopo lako la nta, nikawafukuza kwa moshi. Mbuzi wa jirani wamekula mkeka wako upande mmoja. Mabapa kumi na moja uliyoyaacha yananing'inia kwenye boriti kama ulivyoyatundika, na kila asubuhi nayafuta kwa kitambaa na kuyapaka nta, kwa sababu ndivyo ulivyoniagiza, na kwa sababu siwezi kukiangalia chuma kizuri kikiliwa na kutu kwa ajili ya ugomvi wangu na wewe. Chuma hakijanikosea.

Nianze na mazuri, usije ukasema mwanao hana shukrani.

Ulinifundisha kuchagua bapa nikiwa bado nasoma misheni. Wenzangu hapa Kwihara walikuwa wakifundishwa kusuka ukili, mimi nakaa nawe mkekani na gunia la Mzee Kapela katikati yetu. Kapela, mhunzi wa Usoke, alikuwa akikuletea mabapa kwa treni, aliyoyafua kwa springi za malori mabovu na mabaki ya vyuma. Sisi hatukufua. Kazi yetu ilikuwa kuchagua bapa lililo zima, kulitia mpini na kulishonea ala, mpaka chuma cha Kapela kiwe kisu cha mtu. Ulipokuwa kijana ulimpigia nyundo miaka mingi mbele ya fuawe lake, kwa hiyo makosa yake uliyajua kuliko alivyotaka yajulikane.

"Usiangalie uzuri," ulikuwa ukisema. "Uzuri Kapela anautia kwa tupa." Kwanza niliinua bapa usawa wa jicho, nikaangalia kuanzia msuka, ule mkia wa chuma unaoingia ndani ya mpini, mpaka kwenye ncha, nikielekea mlangoni kwenye mwanga. Lililopinda lilijionyesha lenyewe. Kisha nililipumulia. Ukungu wa pumzi huondoka sawasawa juu ya chuma kizima. Ukibaki mstari mwembamba kama unywele, hapo pana ufa. Kisha tupa: makali yaliyoiva hayaumwi na tupa, inateleza tu. Lakini ufa wa ndani hauonekani wala haushikiki. Huo ni wa sikio peke yake, na hapo ndipo ulipokuwa ukipunguza sauti, kana kwamba Kapela anatusikia kule Usoke. Unashika msuka kwa vidole viwili, kwa ulegevu, unalipiga bapa kwa ukucha. Bapa zima linalia, linalia mpaka wewe ndiye unayechoka kusikiliza. Lenye ufa ndani linasema "ta" na kunyamaza. Tuliliita bubu, na bubu halikupewa mpini katika nyumba hii hata likiwa zuri namna gani.

Ukanifundisha na kutunza. Jasho la vidole ni chumvi, kwa hiyo bapa hufutwa kila linaposhikwa. Nta iyeyushwe pamoja na mafuta ya mbarika, ipakwe ingali vuguvugu. Bapa lisilale kwenye sakafu ya udongo hata usiku mmoja, wala lisiachwe ndani ya ala wakati wa masika, maana ngozi hunywa maji na kuyaficha. Nilikuuliza, ngozi inaficha maji ili iweje, ukacheka mpaka ukapaliwa. Nakumbuka kicheko hicho kuliko ninavyopenda kukikumbuka leo.

Vita vilipokwisha, malori mabovu ya jeshi yakajaa Tabora, Kapela akapata chuma tele. Siku moja alimwaga gunia lake mkekani, wewe ukanyoosha kidevu upande wangu. "Leo atachagua Monika." Kapela akasema tangu lini chuma kikachaguliwa na mwanamke. Wewe hukucheka naye. Nikachagua. Katika mabapa thelathini nikamrudishia tisa, na kila alipobisha nililipiga tena mbele ya uso wake mpaka akalirudisha guniani. Siku ile nilikwenda kisimani nikiimba, Baba. Miaka miwili mizima nilichagua mabapa yote yaliyopita hapa. Warina asali walikuja kutoka msituni wakiuliza, "Hiki kachagua binti?" Bwana Shauri, yule Mzungu wa wilaya, alipokuja kuagiza kisu cha kuchunia ngozi, ulimwambia mkalimani amwambie, "Huyu binti ndiye sikio langu." Nilidhani unanisifu.

Na wakati huo huo ukaanza kulalamika kwamba sikusalimu. Naingia asubuhi, umenipa mgongo, unakwangua mpini. "Shikamoo, Baba." Kimya. Narudia. Kimya. Nikidhani umeamka vibaya, naenda zangu jikoni. Jioni unamwambia Mama mbele yangu, "Mwanao siku hizi amekuwa mkubwa, ananipita kama kisiki." Naapa nimekusalimu, unasema nisibishane na mkubwa. Mama anainamia chungu kama vile ndani yake kuna kitu kigeni. Nililia mara nyingi kwa ajili ya shikamoo ile. Nilijiuliza nimekukosea nini, nikajichunguza kama mtu anayekwenda kuungama, na sikuona kitu.

Kisha shangazi akaugua kule Choma, ukanituma nikamuuguze. Nikapanda lori la pamba lililokuwa linarudi tupu, nikakaa wiki tatu. Niliporudi uliniambia Kapela alikuja, umechagua mwenyewe, na kisu cha Maganga kimeshakwenda. Maganga mrina asali alikuwa amekiagiza tangu kiangazi: kisu kirefu cha kubandulia vifuniko vya mizinga, chenye bapa jembamba la kupinda na kurudi. Sikuwa na neno. Nani angekuwa na neno juu ya bapa ulilochagua wewe?

Kisu kilimkatikia juu ya mti. Alikuwa ameegemea tawi anabandua kifuniko, bapa likakatika katikati, kipande cha mbele kikamrukia usoni. Wenzake walimshusha kwa kamba ile ile wanayoshushia asali, wakatembea naye siku mbili mpaka hospitali. Jicho la kulia halikupona.

Unakumbuka walivyokuja. Maganga kafungwa bandeji nusu ya uso, kaka yake kamshika mkono, na Kapela kaitwa kutoka Usoke, mkaketi uani. Unajua desturi ya nyumba yetu: bapa tupu, lisilo na mpini, halipokezwi mkono kwa mkono. Linawekwa mkekani na mwenzio analiokota, ili damu isiingie kati yenu. Kaka yake Maganga alizijua taratibu hizo vizuri sana. Alitoa kile kipande cha ncha kwenye kitambaa akanitia kiganjani. Kiganjani, Baba, mbele yako. Mimi hata bila kufikiri nikakipiga kwa ukucha. "Ta." Na pale kilipokatikia kulikuwa na doa jeusi, doa la ufa wa zamani, uliozaliwa kwenye moto wa Kapela kabla kisu hakijawa kisu.

"Nani alichagua hili?" akauliza yule kaka.

Kapela akaangalia miguu yake. Wewe ukaniangalia mimi. Uliniangalia mdomo, siyo macho, nikadhani unangoja kuona kama nitathubutu. Kisha ukasema, "Siku hizi anayechagua ni Monika."

Maneno matano. Na ukiyapima moja moja hayana hata uongo, ndiyo maana yaliteremka vizuri hivyo. Ningeweza kusema nilikuwa Choma. Lakini wazee wameketi, baba yangu amekwisha sema, nimwite mwongo uani kwake? Nikapiga magoti nikamwomba Maganga radhi kwa jicho nisilolitoa. Wewe ukakohoa, ukainuka, ukaingia ndani.

Nilingoja uniite jioni ile. Nikangoja Jumapili. Ikaja Kwaresima, nikajua utakwenda kuungama, na padri hatakuachia hivi hivi. Ulitoka kwenye kiungamio uso umekukunjamana, ukaja moja kwa moja kwangu, nikainuka kukupokea. Ukaniuliza kama mbuzi wamenyweshwa.

Tangu hapo jina langu likawa la kutafunwa sokoni. Wale wale warina asali wakaanza kuuliza, "Hiki hakikuchaguliwa na binti?" Wale watu wa Nzega waliokuja kuniposa hawakurudi, na wala hawakutuma mtu kusema hawarudi. Kapela alisimama mbele ya wateja, hapa hapa mlangoni, akatangaza kwamba mabapa yake hayataguswa tena na mkono wa mwanamke. Akawa anajichagulia mwenyewe, mhunzi anaisifu kazi yake, na wewe unaitikia kwa kichwa. Mimi nikabaki kushona ala. Mwaka mzima nimeshona ngozi nikisikia mabapa yakipigwa ndani, na mara mbili nilisikia bubu, nikanyanyuka, nikaketi tena.

Hayo mawili niliyatafuta ulipokwenda Misa, nikayatupa chooni. Ulihangaika kuyatafuta. Sikukwambia.

Mwisho wa kiangazi kifua kikakubana. Nilikuuguza siku tisa. Kila kijiko cha uji nilichokupa nilikuwa nikisema moyoni, leo atasema. Siku ya mwisho ulinishika mkono kwa nguvu ukanivuta, nikainama mpaka sikio langu likagusa ndevu zako. Ukasema, "Masika yakija, usisahau nta."

Wenzangu huachiwa baraka. Mimi niliachiwa nta.

Siku ya arobaini Kapela alikuja kwa treni, akalia kuliko ndugu zako wa damu. Watu walipotawanyika akanifuata kwenye kinu. "Mwanangu," akasema, "siku ile wewe hukuwepo. Baba yako alilipiga lile bapa, akaliweka sikioni, akaniambia, 'Hili linaimba.' Mimi nilisikia kwamba haliimbi. Nilidhani ananitania, nikangoja acheke. Hakucheka." Nikamwuliza mbona alinyamaza. Akaangalia miguu yake, ile ile. "Lilikuwa la kwangu. Mtu akiikubali kazi yako mbaya, unaanzaje kumkatalia?"

Nilimsindikiza mpaka njiani kwa adabu zote, kwa sababu ulinilea hivyo. Nikarudi nikakipiga kinu teke mpaka kidole kikavimba.

Maneno yake hayakuniingia. Wewe, ulipitishe bubu? Wewe uliyekuwa ukisikia ufa kutoka chumba cha pili? Kesho yake nikafungua kisanduku chako cha zana, sijui natafuta nini. Chini kabisa, ndani ya kitambaa cha nta, nikakuta kijiti cha mninga cha urefu wa shibiri. Upande mmoja kimechongwa mfereji. Upande wa pili kimetafunwa. Nilidhani ni mswaki, nikataka kukitupa, halafu nikaona alama za meno zilivyokaa, na katikati kinundu kisichoumwa, pale penye pengo lako la juu. Nikapima ule mfereji kwenye bapa. Msuka uliingia barabara, ukabana.

Nikaziba masikio yangu kwa nta. Nikauma kijiti mahali ulipouma wewe, nikachomeka bapa, nikalipiga kwa ukucha.

Lililia kichwani mwangu, Baba. Masikioni hakuna kitu, lakini kwenye meno, kwenye taya, nyuma ya macho, linalia na kulia. Nikatoa kile kipande cha Maganga, ambacho sikuwahi kukitupa, nikakikandamiza kwenye ncha ya kijiti, nikakipiga. "Ta," mpaka kwenye mizizi ya meno. Hapo nikahisi mkono begani. Mama alikuwa amekohoa nje sikusikia, akaingia, mara ya kwanza tangu ufe, na akanigusa bega kabla ya kusema. Ndivyo alivyokuwa akikugusa wewe. Miaka yote nimeona akikugusa bega kabla ya kukwambia neno, nikadhani ni mapenzi ya wazee.

Nikatoa nta. Alikiona kijiti, akakaa chini.

"Aliniapisha," akasema. "Alisema, mtengeneza visu kiziwi ni mtu gani? Nani atamletea bapa?" Nyundo za Kapela zilikula masikio yako kidogo kidogo, na ulipojua kwamba husikii tena, ndiyo siku uliponyoosha kidevu upande wangu. Nikamwuliza kijiti kilikuwa cha nini, kama mchaguzi ni mimi. Akasema kila nilipomaliza kuchagua na kwenda kisimani, ulifunga mlango ukayarudia mabapa yangu yote, moja moja, kwa meno. "Hakukuta kosa," akasema Mama. "Hata moja. Alikuwa akiniambia usiku, hana kosa hata moja."

Basi ulijua. Katika dunia nzima hakuna aliyejua kwa hakika kama wewe kwamba sikosei, na wewe ndiye uliyesema yale maneno matano.

Siku ile ya bapa la Maganga, Kapela alikuwa ameketi mbele yako, ukaona aibu kuuma kijiti mbele ya mtu uliyempigia nyundo. Ungeweza kumwambia ngoja binti arudi kutoka Choma. Ungeweza kusingizia haja ukaingia ndani na bapa. Ukaona bora uliweke sikioni, utulie kidogo kama mtu anayesikia, na utabasamu. Jicho la mtu limeondoka kwa tabasamu lile. Babu alibeba pembe mpaka pwani kwa njia hii hii inayopita mbele ya nyumba, na ulipenda kusimulia kwamba mpagazi wa kwetu hakuwahi kusema mzigo umemlemea. Labda aibu hiyo ndiko ulikoitoa. Nakuelewa, usidhani sikuelewi. Nimekuelewa mpaka nimelia juu ya kijiti chako kama mwehu, nikikumbuka shikamoo zangu zote zilizoanguka chini nyuma ya mgongo wako, na wewe umekaa pale ukiamini mwanao hakuheshimu. Lakini kukuelewa hakukunipa jina langu. Afadhali nionekane mzembe mimi kuliko uonekane kiziwi wewe: ndivyo ulivyochagua, na hapo hukuhitaji sikio.

Wiki iliyopita nikabeba kijiti na kile kipande, nikaenda kwa Maganga. Nilimkuta anashonea mzinga gome jipya, kichwa kakipindisha ili jicho lililobaki lifike. Nikamwambia yote. Nilidhani atanifukuza kwamba namsingizia marehemu. Akanusa ugoro wake taratibu.

"Nilijua ulikuwa Choma," akasema. "Mke wangu alikuona unapanda lori. Nilijua siku ile ile pale uani. Nilikuwa namngoja mzee aseme mwenyewe. Na mzee ni mzee."

Umesikia hilo, Baba? Kapela alijua. Mama alijua. Maganga alijua, na damu yake ingali mbichi kwenye bandeji. Wote walikustahi. Mnastahiana vizuri sana ninyi watu wazima, na mimi ndiye niliyekuwa mkeka mliokalia. Nilimwambia Maganga hivyo hivyo, na sauti yangu ilipanda mpaka mkewe akachungulia. Hakukasirika. Aliingia ndani akarudi na mpini wako, ule wa mpingo uliouchonga kwa ajili yake, ambao haukupata hata mkwaruzo. Mpini mzuri ajabu, Baba. Hasira zangu zote na bado niliona jinsi ulivyoupangilia ushike kidole cha shahada. Akauweka mkekani mbele yangu, kwa desturi, akaondoa mkono.

"Nitilie bapa jingine," akasema. "Uchague wewe."

Nikauokota.

Kesho Kapela anakuja kwa treni ya asubuhi na gunia lake. Nimemtumia habari kwamba nitachagua mimi, na asipotaka arudi nalo Usoke. Amejibu kwamba anakuja. Maganga atakuwepo, na kaka yake, na warina asali wanaojiandaa kuingia msituni. Nitachagua kwa sikio kwanza, kama ulivyonifundisha. Kisha nitatoa kijiti chako, nitakiuma mbele yao wote, na nitawaambia ni cha nani, kilichongwa kwa nini, na siku gani kiliachwa kisandukuni. Utaaibika kesho, Baba. Nimefikiri sana kama nikuachie heshima yako, na nimeona uliondoka nayo yote na ya kwangu juu yake. Naidai ya kwangu tu. Na nitawaambia hili pia, kwa sababu nalo ni kweli: sijawahi kuona mtu mwingine aliyegundua njia ya kusikia kwa meno, na kwamba ungetuonyesha ukiwa hai, watu wangetoka hata Kigoma kuja kutazama.

Ninakuahidi. Mabapa yako kumi na moja hayataona kutu masika haya wala yajayo. Bubu halitapata mpini humu, hata likiletwa na mhunzi analia machozi. Kijiti chako nitakitundika kwenye boriti, peupe, anayeingia akione, na atakayeuliza nitamjibu. Na masikio yangu yatakapoanza kufa, nitawaambia watu wangu wapaze sauti.

Nakuacha hapa, wapo wanaonisubiri na zipo ala za kumalizia. Lala, Baba. Sijakusamehe bado. Nikikusamehe nitakuja kukwambia kaburini, na nitakugusa kwanza bega la msalaba.

Kabla sijafunga barua nimesimama mlangoni, nikaelekea upande wa kanisa, uso kwa uso, nikasema kwa nguvu zangu zote mpaka mbuzi wakainua vichwa: shikamoo, Baba.

Nimekusalimu. Usimwambie mtu yeyote huko uliko kwamba sikukusalimu.

Mwanao,
Monika